Sauti Moja, Nzima

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa, mwaka 2013, Kipriani alikuwa amekaa uani akitia mpini mpya kwenye jembe, na mkewe Ernesta alikuwa akianika muhogo uliotoka kulowekwa. Kuku wawili waligombea ganda. Ilikuwa haijatimia saa mbili asubuhi. Binti yao Yusta akarudi kutoka dukani bila sabuni aliyotumwa.

"Baba, wamemshika Rosa kizuizini," alisema. "Wanasema ni Mrundi, apandishwe lori."

"Na cheti chake?"

"Kiko nyumbani, ndani ya chungu cha maharage. Hawataki akifuate."

Rosa Ndayiragije alikuwa jirani yao, mjane, na kati ya nyumba yake na yao palikuwa na migomba sita tu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Yeye alizaliwa huku huku, upande wa Nyakitonto, akaolewa huku huku, na uraia alipewa kwa karatasi yenye muhuri. Mwezi ule ilikuwapo operesheni ya kuwaondoa watu wasio na vibali, na njia ya kwenda Kasulu ilikuwa imewekewa kizuizi: mapipa mawili, mnyororo, meza moja na askari watatu.

Kipriani alilaza jembe, akanawa mikono, akavaa koti. Koti lilikuwa moja, la kanisani na la ofisini.

"Nakwenda kuwaambia kwamba huyu ni mtu wetu," alisema. "Ni neno moja tu."

"Basi uwaambie hilo neno," alisema Ernesta. "Usiwachoshe na salamu zako."

Alisema hivyo kwa kuwa alimjua. Salamu ya Kipriani ilikuwa na ngazi. Kwanza *mwakeye*, umeamkaje. Akiitikiwa, anauliza ya nyumbani. Akijibiwa, anauliza watoto, kisha mifugo, kisha shamba, kisha mvua. Ngazi ya kwanza isipojibiwa haendi ya pili, na shida iliyomleta haitaji mpaka zote ziishe. Mbele ya mtu wa serikali aliongeza jambo moja alilorithi kwa baba yake, ambaye naye alilifanya mbele ya watwale, machifu wa zamani: aliinama mpaka viganja vyote viwili vikagusa ardhi. Kijiji kizima alikuwa amebaki yeye peke yake anayesalimia hivyo. Vijana walimtania kwamba anatafuta sarafu.

Alipenda pia kutega vitendawili, hasa wakati wa kupukuchua mahindi, na kimoja alikirudia kila mwaka. "Naitoa asubuhi, namgawia kila ninayemkuta, na jioni narudi nayo yote nyumbani." Wageni walishindwa, wakampa mji. Alikwisha kupewa Tabora, Bukoba, Dodoma na Unguja. Ndipo anasema jibu: salamu.

Alifika kizuizini saa mbili na dakika tano. Rosa alikuwa amesimama kando ya lori, mikono kichwani, kanga imemlegea kiunoni. Aliyekuwa karibu na mnyororo ni konstebo Japhet, kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Tanga, wiki ya tatu tangu apangiwe huku. Kiunoni alikuwa na rungu la umeme. Lilikuwa jipya, na mafunzo yake yalikuwa ya nusu siku.

Kipriani alisimama hatua nne mbele yake. Akasema, "Mwakeye." Akainama, viganja vikaenda chini.

Japhet aliona mzee mwenye koti anainama haraka mahali penye mawe. Akampiga shoti ya ubavu.

Nguzo zilikuwa bado hazijafika kitongojini kwa Kipriani, kwa hiyo huo ndio ulikuwa umeme wake wa kwanza. Alianguka kifudifudi, viganja vikiwa pale pale ardhini.

"Simama!" alisema Japhet. Hakusimama. Akampiga ya pili, mgongoni. "Simama, nimesema!" Akampiga ya tatu, shingoni. Ya kwanza mtu akipenda anaweza kuiita kosa. Katikati ya hiyo na ya pili palikuwa na nafasi ya kufikiri, na kabla ya ya tatu pia.

"Anasalimia!" Rosa alipiga kelele. "Jamani, huyo anawasalimia!"

Sajenti Didas, mkuu wa kizuizi, aliweka kikombe chake cha chai mezani, akaja, akamwongezea mzee mateke mawili ya mbavu ili asije akaamka na hasira. Rosa akapandishwa. Saa tatu lori liliondoka na watu kumi na tisa.

Kipriani walimpeleka hospitali ya Kabanga kwa pikipiki, Yusta amemshikilia kwa nyuma. Wakampokea, wakamfunga mbavu, wakampaka dawa kwenye alama tatu za kuungua, kila moja na matundu mawili kama ya meno ya nyoka. Siku ya nne daktari, mtu wa Dodoma, mpole, alimulika koo lake kwa tochi muda mrefu.

"Koo ni zima," alisema. "Sauti tu haimo. Mmeiacha wapi?"

"Kizuizini," alisema Ernesta. "Leo nimepita nikaisikia."

Daktari akaandika hivyo kwenye kadi.

Ilikuwa kweli. Tangu Jumatano, kila siku saa mbili na dakika tano asubuhi, sauti ya Kipriani ilisema "mwakeye" kizuizini, hatua nne kutoka kwenye mnyororo, mahali pa chini, usawa wa goti, kwa kuwa ilibaki imeinama. Ilisema, ikangoja kama mtu anavyongoja mlangoni, ikasema tena. Iliendelea hivyo mpaka saa nne jua lilipokuwa kali, kisha ikanyamaza mpaka kesho yake.

Wapita njia waliizoea ndani ya siku tatu. Wanawake wenye ndoo kichwani walijibu bila kusimama, "Mwakeye neza, mzee." Abiria wa basi la Kibondo walitoa vichwa madirishani wakaitikia kwa pamoja. Mwalimu mmoja mgeni alisema shikamoo. Sauti haikumfuata hata mmoja wao. Haikuwa imewasalimia wao.

Kwenye kitabu cha matukio Sajenti Didas aliandika: *Sauti ya mtu mzima, mwanamume, haina mwili, haina kitambulisho.* Wiki ya pili aliiamuru itoke barabarani. Haikutoka. Akachukua rungu la umeme kutoka kwa Japhet, akainama, akapiga shoti pale chini ilipokuwa. Rungu lilitoa cheche kavu kavu. Sauti ikasema mwakeye. Alipiga mpaka chaji ikaisha, rungu likapelekwa Kasulu kuchajiwa, na muda wote huo sauti ilisalimia bila kupanda wala kushuka. Kwenye kitabu iliandikwa kwamba nguvu ya kiasi imetumika.

Mwezi wa kumi kizuizi kilihamishwa mbele nusu kilometa, karibu na daraja la korongo kavu. Asubuhi ya kwanza palikuwa kimya, na Didas akaagiza chai ya pili. Saa mbili na robo sauti ikafika, ikihema kidogo, kama mzee aliyepandisha mlima. Ikapumzika. Ikasalimia.

Nyumbani Kipriani aliendelea na kazi zake. Alilima, alipogoa migomba yake na ile ya Rosa, alipiga makofi mara mbili akitaka maji. Hakuwa na hasira ya kuonekana. Ila jioni watu walipokaa kupukuchua, alinyoosha mkono kama anayetaka kutega kitendawili, kisha akaurudisha kwenye hindi.

Ernesta alikitoa cheti cha Rosa kwenye chungu, akakipangusa vumbi la maharage, akakipeleka ofisini mjini. Karani alikitazama pande zote mbili.

"Cheti ni halali," alisema. "Sasa tunahitaji mtu wa kusema kwamba mwenye cheti na aliyepelekwa mpakani ni mtu mmoja. Jirani, mkazi wa siku nyingi, aje aseme kwa kinywa chake."

"Ni mume wangu. Ndicho alichokwenda kusema."

"Basi aje aseme."

"Sauti yake iko kizuizini. Haijamaliza kusalimia."

Karani alifikiri, si kwamba hakuamini. "Ikimaliza, mje nayo," alisema.

"Mimi je? Mimi si jirani? Nimemzalisha Rosa watoto wawili kwa mikono hii, Mungu akawachukua."

"Wewe hukuwapo siku hiyo, mama. Kwenye orodha ya operesheni aliyefika kumtetea ni mmoja, na ameandikwa mshambuliaji. Mpaka hilo lirekebishwe kule kule lilikoandikwa, sisi mikono yetu imefungwa."

Basi Ernesta akarudi kizuizini. Alichagua saa sita, sauti imenyamaza na Didas amekwenda kula. Japhet alikuwa peke yake mezani, amekonda. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kuitikia na kusalimia unajua."

Japhet akatazama chini.

"Sikuja kukusuta," alisema Ernesta. "Nimekuja na jambo dogo. Kesho akisema mwakeye, mwitikie. Hata kwa Kiswahili, yeye si mchaguzi. Sema salama, mzee. Atakuuliza ya nyumbani, utasema hawajambo. Atakuuliza mifugo, useme unayo, hata kama huna. Akifika kwenye mvua amemaliza. Atasema neno lake kuhusu Rosa, kisha atarudi nyumbani kula."

"Siruhusiwi, mama."

"Kuitikia salamu?"

"Nikiitikia nitakuwa nimesema alikuwa ananisalimia."

"Kwani alikuwa anafanya nini?"

"Kwenye kitabu alikuwa anaokota jiwe."

"Jiwe liko wapi?"

"Stoo. Ni kielelezo." Alikwenda kwenye kibanda cha bati nyuma ya meza akalileta, limefungwa kikaratasi chenye namba. Lilikuwa jiwe la mtoni, la mviringo, laini. Mto ulikuwa kilometa nne kutoka pale. Ernesta akalipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito, akamrudishia.

"Zuri," alisema. "La kusagia karanga." Kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara, akakunja kanga magotini. "Kitendawili."

Japhet akageuka kutazama njia ya Kasulu. Hapakuwa na mtu. "Tega."

"Naitoa asubuhi, namgawia kila ninayemkuta, na jioni narudi nayo yote nyumbani."

Kijana alifikiri kweli kweli. Midomo ilimcheza. Ilionekana jibu limefika, limekaa kwenye ulimi, na yeye amelifungia meno.

"Nimeshindwa, mama," alisema. "Nakupa mji. Chukua Tanga."

"Sitaki mji, mwanangu. Mji nimpelekee nani? Nataka jibu."

Japhet alirudisha jiwe stoo. Alikaa humo hadi Ernesta alipoondoka.

Krismasi ilipita, maharage ya kwanza yakavunwa. Mwezi wa pili Ernesta alijaribu njia nyingine. Alimvalisha Kipriani koti, akamshika mkono wakaenda wote wawili, ili sauti imwone mwenyewe na pengine ikate tamaa imfuate. Walifika saa mbili kamili. Kipriani alisimama mahali pake, hatua nne kutoka kwenye mnyororo. Ilipofika saa, akainama, viganja ardhini, polepole kwa sababu ya mbavu, na mdomo wake ukafunguka. Neno likatoka pale pale mdomo ulipokuwa, likalingana na midomo barabara, na kwa kitambo kile mtu asiyejua angesema huyu mzee ni mzima kabisa.

Kisha wote watatu, mzee, mkewe na sauti, wakamngoja Japhet.

"Konstebo," alisema Didas kutoka mezani, bila kuinua kichwa. "Macho mbele."

Japhet akatazama mbele. Mkono wake wa kulia ulishikilia rungu, au rungu ndilo lilimshikilia yeye. Kipriani alipoinuka, mdomo ulipanda naye na sauti ikabaki chini. Hakushangaa. Alijipangusa viganja, akafunga kifungo cha koti, akashika njia ya nyumbani. Ernesta alibaki nyuma kidogo. Aliiambia ile sauti, "Haya, kaa salama, tutaonana kesho," kama mtu anavyomuaga mgonjwa wodini.

Habari za Rosa zililetwa na wauza samli. Alikuwa upande wa pili, na siku za gulio la mpakani, kule Kibondo, alishuka hadi kwenye mto akasimama ng'ambo yake. Ernesta alipanda basi kwenda kumwona. Mto wenyewe si mpana, mbuzi huuvuka na kwato zikalowa tu. Katikati yake palikuwa na askari wa huku na askari wa kule, na waliosimama kandokando waliongea kwa kupaza sauti.

"Migomba yangu?" aliuliza Rosa.

"Imezaa. Mikungu miwili tumeila, usinune."

"Kuleni, itaoza bure. Na mzee?"

"Mzima. Bado anasalimia."

Rosa alicheka, kisha akafuta uso kwa kitambaa cha kichwani. "Mwambie afupishe," alisema. "Mwambie aanze na mimi, mvua baadaye."

"Hajui. Unamjua."

"Namjua. Huku nako wananiambia mimi si wa kwao. Nasema Kirundi cha Kasulu, watoto wananicheka. Mwambie sina haraka, lakini asichelewe."

Ernesta alizifikisha salamu zile zote mbili. Moja aliipeleka nyumbani kwa Kipriani, nyingine akaipeleka kizuizini, akainama akaisema chini kule, usawa wa goti. Sauti ilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha ikamsalimia Japhet.

Mwaka huo huo, 2014, mwezi wa nane, Japhet alipewa mji. Wakubwa walimpa Singida. Alikabidhi sare kwa ajili ya safari, akavaa shati lake la maua, akapanda basi la asubuhi na begi moja. Basi lilifika kizuizini saa mbili na dakika kumi, likasimama kukaguliwa. Sauti ilikuwa imekwisha kuanza.

Japhet akafungua dirisha. Akatoa kichwa na mabega yote mawili, akatazama chini pale hatua nne kutoka kwenye mnyororo.

"Mwakeye neza, mzee," alisema. Alisema vizuri, kwa lafudhi ya huku, ilionekana amejifunza. "Mwakeye neza. Nisamehe, baba yangu."

Sauti ilinyamaza. Ilinyamaza kwa muda ule ambao mtu humtazama mwenzake kutoka juu hadi chini, kichwani kusiko na kofia, begani kusiko na alama, shati la maua. Didas aliacha kalamu hewani. Mwanamke mmoja kiti cha nyuma alianza kusali.

Kisha sauti ikasema tena, kwa heshima, kando kidogo ya dirisha, kuelekea kwenye meza yenye kitabu: "Mwakeye."

Ilikuwa imeisalimia serikali. Yule wa dirishani alikuwa kijana wa watu, anakwenda safari. Didas akapiga bati la basi mara mbili, basi likaondoka.

Kipriani alifariki mwaka 2015, mwezi wa tatu, akiwa shambani, jembe mkononi, jembe lile lile alilolitia mpini. Mbavu hazikuwa zimekaa sawa tangu siku ile, na moyo nao. Kwenye fomu ya polisi, ile PF3, sababu ya kuumia ilibaki kama Didas alivyoijaza mwaka 2013: *ameanguka*. Padri alizika, watu walijaa. Ernesta aliwaomba waliobeba jeneza wapite njia ya kizuizini, na kwa kuwa ni saa mbili walipopita, marehemu alisikika akisalimia akiwa chini na akiwa mabegani mwa watu kwa wakati mmoja. Askari walisimama wima, wakavua kofia, hawakuitikia. Yusta, aliyekuwa mbele na msalaba, aliwatazama mmoja mmoja.

Wengine walidhani sasa sauti itakoma. Haikukoma. Mtu huzikwa na kilicho chake alichokuwa nacho, na sauti hakuwa nayo. Ernesta alimaliza arobaini, akaanza tena kupita kila asubuhi na kigoda chake kidogo. Hukaa ukingoni, akachambua maharage kwenye ungo hadi saa nne, kisha akaaga. Watu humwuliza kama hachoki. Husema nyumbani ni kimya mno. Cheti cha Rosa amekirudisha kwenye chungu, kisiliwe na panya.

Watoto wa shule ya pale darajani wamebadili namna ya kusalimia. Hakuna aliyewafundisha. Wakimwona mtu mwenye sare husimama mbali, wakanyoosha mikono yote miwili juu, viganja wazi, ndipo husema mwakeye. Wageni huona inapendeza, wakawapiga picha.

Mwezi wa sita Didas naye alipata uhamisho, pamoja na cheo. Siku ya makabidhiano alikuja konstebo mgeni aitwaye Aneth, msichana mpole, mzaliwa wa Kakonko, aliyelelewa na nyanya. Didas alimsomea orodha, naye akatia alama kila kitu alichokiona.

"Meza, moja."

"Ipo, afande."

"Mapipa, mawili. Mnyororo, mmoja. Jiwe, kielelezo, moja. Rungu la umeme, moja, na chaja yake."

"Vipo."

"Sauti, moja."

Aneth aliinua uso. Kutoka chini, usawa wa goti, alisikia mtu mzima akimwambia mwakeye, vile vile nyanya yake alivyomfundisha kwamba mtu mzima akikwambia hivyo unaacha unachokifanya, hata kama umebeba moto. Midomo yake ikajitengeneza yenyewe.

"Hiyo haijibiwi," alisema Didas. "Ni kesi. Nzima au ina hitilafu?"

Ng'ambo ya barabara Ernesta aliacha kuchambua. Maharage yalitulia kwenye ungo.

Aneth alifunga midomo. "Nzima, afande," alisema, akatia alama.

Kesho yake alifika mapema, akafagia chini ya meza, akafungua ukurasa mpya wa kitabu cha matukio na kuandika tarehe kwa mwandiko mzuri wa shule. Saa mbili na dakika tano sauti ikasema mwakeye, ikangoja. Ernesta naye akangoja. Aneth alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika: *Hali shwari.*